Ndugu Kwanza, Kasi Baadaye

Anayesema mashine haina upendeleo na aje Bangwe aione ruta yetu. Ofisi nzima hakuna anayejali undugu kuishinda.

Makao makuu yetu yako Mwanga, tawi moja liko hapa Bangwe, jingine Ujiji. Kila tawi limeungwa na Mwanga kwa faiba ya megabiti 100 kwa sekunde. Halafu kuna redio ya zamani, mnara kwa mnara, kati ya Bangwe na Ujiji: megabiti 10, siku ikiamka vizuri. Mkandarasi alitumia OSPF, itifaki inayozifanya ruta zipeane ramani na kila moja ijichagulie njia. Faiba akaziweka eneo 0, ambalo ndilo uti wa mgongo. Redio na kompyuta za matawi yote mawili akaziweka eneo 1. Akalipwa, akapanda treni, akaenda zake.

Tangu hapo mafaili ya kwenda Ujiji yakawa yanajikokota. "Mwanangu," mama mhasibu wa Ujiji aliniuliza kwenye simu, "hiyo orodha ya mishahara umeituma kweli, au umeniombea dua tu?" Ikabidi tumpe bodaboda flashi. Anapita Mwanga, anashuka Ujiji, anakunywa chai, anarudi, na faili lilelile kwenye skrini yangu liko asilimia sitini.

Bosi alisema ni mvua. Kikaja kiangazi. Mlinzi wetu, ambaye usiku huliona ziwa lote, aliapa kwamba ni taa za wavuvi wa dagaa: zikiwaka zinanyonya mtandao. Nilishaanza kumwamini, mpaka mbalamwezi ilipojaa, wavuvi wakapumzika kama kawaida yao, ziwa likawa halina taa hata moja, na mishahara bado haifiki. Mlinzi hakutikisika. "Basi zitakuwa za upande wa Kongo."

Kijana wetu wa TEHAMA yeye alishika gharama. Katika OSPF kila kiungo kina gharama. Kwa kawaida ruta huchukua megabiti 100 ikagawa kwa kasi ya kiungo. Faiba ni 1, redio ni 10. Kupita Mwanga ni faiba mbili, yaani 2, na hata mtoto wa chekechea angejua pa kupita. Hesabu yenyewe ya kutafuta njia fupi ni ya Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyeibuni mwaka 1956 akiwa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, kwa kama dakika 20. Sisi chai tulikuwa nayo. Labda kilichopungua ni mchumba.

Kijana akaipandisha redio hadi 100, kisha 1,000, kisha 65,535, ambako ndiko mwisho. Juu ya hapo ruta haikubali. Tukafungua jedwali la njia. Ile pale: herufi O, mabano, 110/65536 (gharama ya redio, na 1 ya mtandao wa ndani wa Ujiji), kupitia redio. Ruta imejiandikia bei kwa mkono wake, imeisoma, na inapita hukohuko.

Sababu iko wazi kwenye kanuni za OSPF, RFC 2328 ya mwaka 1998. Kabla ya kuuliza gharama, ruta huuliza aina ya njia. Ya ndani ya eneo hutangulia, ya kutoka eneo hadi eneo hufuata, za nje huja mwisho. Gharama hulinganishwa kwa njia za aina moja tu. Redio ilikuwa ndani ya eneo 1 moja kwa moja. Njia ya Mwanga ilitoka eneo 1, ikakatiza eneo 0, ikarudi eneo 1. Ni shangazi yangu mtupu: kikapu cha migebuka atampa mpwa wake mwenye baiskeli isiyo na breki, jirani mwenye Noah amesimama hapohapo anampungia mkono.

Hatukuigombeza ruta. Juu ya faiba zilezile tulitengeneza VLAN ya pili, yaani mtandao pepe, tukaiingiza eneo 1 kuanzia Bangwe, Mwanga hadi Ujiji. Faiba nayo ikawa ya ukoo, na hapo ndipo bei ikaanza kusikilizwa. Jedwali likabadilika tukiwa tunalitazama: 110/3, kupitia Mwanga. Redio tukairudishia 10 yake, ikae akiba siku greda litakapokata faiba, maana litakata.

Orodha ya mishahara ilifika mama mhasibu akiwa bado analalamika kwenye simu. Mwisho wa wiki bodaboda akaja ofisini mwenyewe, kofia mkononi, akavuta kiti. "Bosi, kama kuna kitu nimewakosea, si mniambie?"