Kipanga wa Mtaa

Kila mtaa una kipanga wake. Wetu hukariri miji mikuu ya dunia mbele ya wageni, chai haijamiminwa. Akifika Ouagadougou, sebule nzima makofi. Mtume dukani na elfu tano uone chenji itakavyorudi.

Erasto Mpemba hakupigiwa makofi. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari huku Tanganyika, alitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombea, naye akatia maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza kwa nini. Mwalimu akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia, na darasa (vipanga watupu, bila shaka) likaudaka msemo huo kumtania.

Mwaka 1969 aliandika makala pamoja na Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, ikachapishwa Uingereza. Wanafizikia wangali wanabishana juu ya jambo hilo, na wanaliita kwa jina la Mpemba. Mwalimu, kumbe, alilipatia jina mapema.

Samahani, mtoto amefika Ulaanbaatar. Tupige makofi, chai imeshapoa.