Muulize Shangazi: Mapenzi, Ndoa na Gemu Zinazokwama

*Shangazi, shikamoo. Niko Pangani, hii ya Kibaha, si ile ya Tanga. Mimi na wenzangu tunacheza mpira kwa PPSSPP, ile programu inayoiga mashine ya gemu ya PSP kwenye simu, kila mmoja na simu yake dhidi ya kompyuta. Mwenye mabao machache ananunua soda. Simu yangu ni ya RAM 2GB. Kipindi cha pili kikianza tu, mwendo unakuwa wa kinyonga na sauti inakatikakatika. Nikiingia kumi na nane nikabonyeza shuti, linatoka kipa keshajipanga. Muuza duka sasa ananiita bosi. Je, nimerogwa?*
— Mnunua Soda

Marahaba, mwanangu. Hujarogwa. Ingia kwenye mipangilio ya picha unisomee palipoandikwa rezolusheni. Ni 4x, sivyo? Nilijua.

Kioo cha PSP kilikuwa na nukta 480 kwa 272 tu. Ukiweka 2x, upana unaongezeka mara mbili na urefu mara mbili, kwa hiyo simu inachora nukta nne palipokuwa na moja. Kwa 4x inachora kumi na sita! Na hapo bado ina kazi yake ya msingi: kila amri iliyoandikiwa prosesa ya PSP inabidi itafsiriwe papo hapo ili prosesa ya simu iielewe. Wewe umembebesha bodaboda wa Maili Moja kitanda, kabati na mama mkwe, kisha unamuuliza mbona haendi.

Rudisha 1x. Zima ukuzaji wa tekscha na vichujio vyote vya urembo. Nyasi zikiwa na ukungu kidogo, bao linahesabiwa vilevile.

Halafu kuna Vulkan na OpenGL, njia mbili za simu kuchora picha. Kijiweni watakuapia kwamba kimoja ndicho bora, waache waape. Simu nyingine zinapatana na hiki, nyingine na kile, hasa zile za zamani. Washa kipimo cha kasi kionekane pembeni ya kioo, ucheze na kimoja, kisha na kingine. Asilimia 100 ndiyo mwendo halali wa PSP.

Kuruka freimu kuwe dawa ya mwisho kabisa. Gemu linaendelea na hesabu zake, ila picha nyingine hazichorwi, na mpira unaotoka mguuni unaonekana tena ukiwa kwa beki wao. Kwenye gemu la karata kunavumilika. Kwenye soda, hapana.

Kuhusu kipindi cha pili: toa chaji, vua kava. Simu ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na jua la Kibaha la saa nane mchana halikusaidii.

*Shangazi, fundi aliniuzia GTA V ya PSP, faili la MB 100. Nimegusa kila mpangilio, haifunguki. Nibadilishe nini?*
— Aliyelipa Taslimu

Badilisha fundi. GTA V ilitoka mwaka 2013 kwa PlayStation 3 na Xbox 360. PSP haikuwahi kuipata. Yenyewe ilipata Liberty City Stories mwaka 2005, Vice City Stories mwaka 2006 na Chinatown Wars mwaka 2009. Na PPSSPP, aliyoianzisha Henrik Rydgård mwaka 2012, inapatikana bure. Kama nayo uliilipia kwa fundi huyohuyo, usiniambie, presha yangu haiko sawa.

*Shangazi, mume wangu anakesha na simu. Nikimuuliza, anasema anarekebisha mipangilio ya gemu. Kucheza kwenyewe sijamwona.*
— Nalala Peke Yangu

Pole, mwanangu. Inawezekana kabisa anasema kweli: akiurekebisha mpira unaharibika mchezo wa magari, akirekebisha magari unaharibika mpira. Mwambie abonyeze picha ya gemu bila kuachia, achague kulitengenezea mipangilio yake lenyewe. Kila gemu litabaki na ya kwake.

Akiendelea kukesha baada ya hapo, chungulia kioo. Ukikuta takwimu za kasi, rudi ukalale. Ukikuta jina la mtu, niandikie haraka.