Yah: Shukrani kwa Ukimya Wenu

Kwa Idara ya Rasilimali Watu, ghorofa ya kwanza.

Ndugu Wakuu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni yule wa mashine ya kufungashia biskuti, zamu ya usiku, vidole viwili vya mkono wa kulia. Naandika kwa kushoto, mtanisamehe mwandiko.

Kwanza nawapongeza kwa kunitoa kwenye kundi la WhatsApp la zamu siku ya tatu tangu niumie. Nilielewa mara moja: mgonjwa anahitaji utulivu. Nikatulia wiki tisa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, basi kila simu ilipoita niliirukia nikidhani ndio mshindo. Kumbe shemeji, anataka hela ya mbolea.

Msidhani nilikosa habari za kiwandani. Mama ntilie wa getini alinipigia kila Ijumaa, kwa vocha yake. "Baba Neema, wanasema umekatwa mkono mzima." Wiki iliyofuata: "Wanasema umelipwa mamilioni, hurudi ng'o." Ni yeye pia aliyeniambia kwamba mmefanya semina ya siku mbili kuhusu mawasiliano bora kazini. Pilau alipika yeye.

Sina lawama. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 nimeisoma nikiwa na bendeji. Mfuko wake, ulioanza kazi Julai 2015, una mafao saba, kuanzia matibabu hadi mazishi, utengamao ukiwemo. Fao la kumpigia mgonjwa simu halimo. Mngepata wapi fungu?

Siku ya kurudi nilileta barua ya daktari: nisibebe kinachozidi kilo 5, nisishike mashine inayotetemeka, kwa wiki sita. Mkaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, ukakaa vizuri kabisa, haukugusa hata herufi moja. Barua ikaingia kwenye faili, faili likabaki juu, mimi nikashuka chini. Msimamizi wa zamu akanipokea kwa bashasha: "Aisee, likizo ilikuwa tamu?" Akanionyesha mifuko ya sukari ya kilo 50. Nikamwambia daktari amekataza.

"Daktari gani? Mbona mimi sijaambiwa kitu?"

Akapiga simu juu. Hapo nakiri mlifanya haraka. Haikupita robo saa, afisa wenu alishuka, akasimamisha mkanda, akaisomea zamu nzima cheti changu, mpaka pale pa mishipa ya fahamu. Sasa nahesabu maboksi, na wenzangu wananiita Waziri Asiye na Wizara Maalumu.

Ombi langu ni dogo. Akiumia mwingine (na ataumia, kinga ya ile mashine bado iko stoo inasubiri saini), mpigieni wiki ya kwanza. Mwulizeni anaendeleaje, halafu mwulizeni angependa wenzake waambiwe nini. Siku akirudi, barua ya daktari ishuke ngazi pamoja naye. Ngazi zenyewe ni 14, nimezihesabu.

Naambatanisha vocha ya shilingi 1,000. Nimeshaikwangua, isiwape kazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mhesabu Maboksi

Nakala: Mama ntilie, getini (kwa taarifa)