Barua ya Wazi kutoka kwa Wakenya Waliozidi Asilimia Mia

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

MINT: OMBI LA KUTAMBULIWA RASMI

Wakenya wanaowasilisha ombi hili wanaitambua Mamlaka kuwa mzazi wao wa pekee, kwa sababu hakuna ofisi nyingine ya serikali iliyowahi kuwaona. Makarani wa sensa walipoanza kupita nyumba kwa nyumba usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, waliandika watu 47,564,296 na hawakumwandika hata mwombaji mmoja. Ilhali taarifa za robo mwaka za Mamlaka zilikuwa zimekwisha kuonyesha, katika mwaka huohuo, laini za simu za mkononi zaidi ya milioni 50, na kiwango cha upenyaji, yaani idadi ya laini ikigawanywa kwa idadi ya watu kisha ikazidishwa kwa mia, kilikuwa kimevuka asilimia 100. Walio juu ya mia hiyo ndio waombaji. Hawana kitambulisho, hawana kijiji, wala hawana chifu wa kuwaandikia barua ya utambulisho, lakini laini wanazo.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba waombaji hawaishtaki Mamlaka kwa udanganyifu. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambao uliasisiwa Paris mwaka 1865 kwa ajili ya telegrafu na sasa una makao Geneva, hukusanya takwimu za aina hii kutoka nchi zote, na kanuni yake inajulikana: laini ya malipo ya kabla huhesabiwa kuwa hai iwapo imetumika ndani ya miezi mitatu iliyopita. Kinachohesabiwa ni usajili, na usajili hauulizi laini imo mfukoni mwa nani. Mchuuzi wa nguo za mitumba pale Gikomba, mwenye laini moja ya kupokelea pesa, ya pili ya bando za bei nafuu, na ya tatu kwa sababu ndiyo pekee inayoshika mtandao nyumbani kwa wazazi wake, ni wasajiliwa watatu kamili, na wawili kati yao wametia saini ombi hili.

Chimbuko la waombaji ni la kiuchumi na lina heshima zake. Kwa miaka mingi kupiga simu kwenda mtandao mwingine kuligharimu zaidi kuliko kupiga ndani ya mtandao mmoja, kwa sehemu kutokana na ada ambayo kampuni hulipana ili simu ivuke kutoka kwa moja hadi kwa nyingine. Ada hiyo ilipunguzwa mwaka 2010 kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21, lakini kufikia wakati huo wananchi walikuwa wamekwisha kuzoea kubeba laini mbili, na watengenezaji wa simu walikuwa wameanza kuwatobolea nafasi mbili. Mwaka 2011 ulipoletwa utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadilisha nambari, waliojitokeza walikuwa wachache, kwani mwenye nyumba mbili haoni sababu ya kuhama. Baadaye walizaliwa hata ndugu wasiokuwa binadamu: mitambo ya sola inayouzwa kwa malipo ya kidogokidogo hubeba laini ndani yake ili mwuzaji aweze kuizima akiwa mbali mteja anapochelewa kulipa, na vifaa vya kufuatilia magari navyo vina laini zake. Mamlaka, kwa haki, hutenga laini za mashine katika safu yao wenyewe, jambo ambalo waombaji wanalitazama kwa wivu.

Simu ya mezani haihitaji maneno mengi. Ilihesabiwa kwa waya, waya uliishia kwenye nyumba au ofisi inayojulikana, na labda ndiyo maana mporomoko wake ndio mwelekeo pekee ambao hakuna mtu aliyewahi kuutilia shaka.

Hata hivyo, heshima kuu ya waombaji inaielekea hesabu ya watumiaji wa intaneti. Kwa miaka kadhaa tanbihi ndogo ya taarifa hizo ilikiri kwamba hakuna njia ya kisayansi ya kukadiria watumiaji, kisha, pasipo kuvunjwa moyo na ukiri huo, ikaeleza njia iliyotumika kwa kufuata mwongozo wa kimataifa: kila usajili wa intaneti ya simu ulizidishwa kwa 1, ule wa redio ya ardhini isiyo na waya kwa 10, na ule wa waya, nyuzi za kioo au setilaiti kwa 100. Maana yake ni kwamba familia ya baba, mama na watoto wawili katika ghorofa ya Kilimani ilipofungiwa waya wa nyuzi za kioo, palihamia pamoja nao waombaji 96, ambao wamekuwa sebuleni hapo tangu siku hiyo wakisubiri zamu. Kinyozi mwenye kiti kimoja alikuwa na watumiaji 100. Ofisi ya wafanyakazi 400 iliyolipia usajili mmoja nayo ilikuwa na watumiaji 100, na ikabidi wafanyakazi 300 wawe wanafanya kazi bila kuonekana. Hatimaye, mwaka 2017, upenyaji wa intaneti nao ulivuka asilimia 100, ikimaanisha kwamba mtoto aliyezaliwa alfajiri hiyo Lodwar na nyanya ambaye hajawahi kugusa simu walikuwa mtandaoni, na waombaji juu yao.

Ni sensa iliyoharibu sherehe. Kwa kuwa karani alimuuliza mtu badala ya kuiuliza kampuni, alipata kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, waliomiliki simu ya mkononi walikuwa 20,694,315, sawa na asilimia 47.3, na waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6: mijini 42.5, vijijini 13.7. Waombaji waliumia, ingawa wanakubali kwamba swali la karani hufichua jambo ambalo kampuni haiwezi kulijua. Kosa la laini huenda pande mbili: panapokuwa na mtu mmoja mwenye laini tatu, hesabu huvimba, na panapokuwa na boma zima linalopokea habari na pesa kupitia simu moja ya kijana mmoja, hesabu husinyaa, kisha wastani wa taifa huchukua uvimbe wa Nairobi na kuufunika usinyaaji wa Turkana, na gazeti la kesho yake huandika kwamba kila Mkenya ana simu.

Katika usajili upya wa laini, ambao mwisho wake uliahirishwa kutoka tarehe 15 Aprili 2022 hadi 15 Oktoba mwaka huo, waombaji walipanga foleni kwa utii, kila mmoja akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kupigwa picha mara mbili.

Kwa msingi huo wanaomba mambo machache. Kwanza, Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ghafi ili mawasiliano yafike pasipo na faida, ufungwe, kwa sababu haiyumkiniki kumtafuta asiyehudumiwa katika nchi iliyopita mia. Fedha zake wagawiwe waombaji, ambao wanazistahili kwa kuwa hawalalamikii mtandao, hawaugui, na hawadai barabara. Pili, wapewe maeneobunge. Iwapo ombi la pili litaonekana zito, waombaji wako tayari kuliacha na kukubali mpango mwingine, ambao wameujadili kwa uchungu: ukurasa wa kwanza wa kila taarifa ubebe idadi ya watu wanaomiliki simu na ya watu waliotumia intaneti katika miezi mitatu iliyopita, ikitenganisha wanawake na wanaume, mji na kijiji, na kaunti moja na nyingine, kama majibu ya kaya yanavyoonyesha; idadi ya laini, ambayo ina kazi yake katika kupima biashara na ushindani wa kampuni, ifuate baadaye ikiitwa laini; na waombaji wenyewe wahamie katika tanbihi, ambako tayari wana jamaa wengi.

Wenu watiifu,
Waombaji, kupitia laini zote zilizotumika ndani ya miezi mitatu iliyopita.

Nakala: Shirika la Kitaifa la Takwimu, kwa taarifa tu, kwa kuwa halijawahi kukutana nao.