Mbezi Ipi?

Ukitaka kujua watu wa Dar es Salaam wanakuonaje, usihangaike kuwatajia kazi wala kabila. Watajie tu unakokaa. Mimi nakaa Goba. Nikisema hivyo, aliye mbele yangu hushusha macho kwanza atazame viatu. Kiangazi anatafuta vumbi, masika anatafuta tope, na asipoona kitu huuliza kwa huruma, "Siku hizi lami imefika?" Imefika, namjibu. Yanayofuata baada ya lami simwambii.

Waingereza walipolitawala jiji hili walikuwa na mpango wao: Wazungu Oysterbay kwenye upepo wa bahari, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala. Walipoondoka, kazi ya kuipa mitaa majina ikaangukia kwa makonda wa daladala. Ndiyo maana leo mtu anashuka Tangi Bovu asilione tangi, na mwenzake amezaliwa na kukulia Uwanja wa Fisi, hajawahi kusikia hata mlio wa fisi. Sensa ya 2022 ilikuta humu watu zaidi ya milioni 5.3, na kila mmoja ana hukumu yake juu ya mtaa wa mwenzake. Sinza hawalali. Masaki hawasalimiani. Kigamboni unaiona kwa macho ukiwa Kivukoni, pantoni inavuka kwa dakika chache, daraja nalo lipo tangu 2016, lakini mwalike mtu huko uone: atauliza kama abebe nguo za kulalia. Huyohuyo Kibaha, iliyo mkoa mwingine kabisa, anakwenda na kurudi bila kuaga.

Mbagala ndiyo inayosemwa kuliko zote, hasa na watu ambao hawajafika. Nilifanya kazi na jamaa wa Rangi Tatu aliyekuja ofisini kila siku na tai iliyonyooka. Tulimuuliza anawezaje, na jinsi magari ya kwao yanavyogombewa. "Tai naivaa nikishaingia," alisema. "Dirishani napita nayo mfukoni."

Madalali wa nyumba ndio wanaojua kuyatumia haya. Kabla ya Goba, mmoja aliniahidi chumba na sebule Mikocheni. Akapokea kwanza hela ya kuonyeshwa, tukapanda bajaji, tukavuka barabara kubwa, tukaingia vichochoro ambavyo bajaji ilibidi ikunje vioo vyake. Mbele nikaona kibao cha Hospitali ya Mwananyamala. Nikamuuliza, kaka, hapa si Mwananyamala? Hakutetereka. "Bosi, hii ni Mikocheni ya ndani."

Lakini hakuna jina linalotesa watu kama Mbezi. Iko Mbezi Luis, Barabara ya Morogoro, yenye stendi kubwa ya mabasi ya mikoani. Na iko Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo. Wakazi wa kila upande wanapotamka "Mbezi" tu, bila nyongeza, wanaamini ile nyingine haipo. Goba imekaa katikati ya hizo mbili, kwa hiyo nimekuwa msuluhishi bila kuomba.

Mwaka jana baba mdogo alikuja kutoka Same na gunia la ndizi, akienda kwa binamu yangu, Mbezi Beach. Binti alimwelekeza kwa kifupi: shuka Mbezi, utaniona. Mzee akashuka stendi, Mbezi Luis. Binamu akawa amesimama juani, Tangi Bovu. Wakapigiana simu.

"Baba, nipo hapa barabarani, huoni pikipiki nyingi?"

"Naziona!"

"Na kibanda cha kutolea hela?"

"Nimekiegemea!"

"Kuna mama anakaanga chipsi."

"Namwona, amevaa kitenge!"

Kwa hesabu za simu walikuwa wamesimama wanatazamana. Mzee akaanza kuhisi kuwa binti yake anamkimbia kwa sababu ya gunia. Binamu naye akanipigia akilia kwamba baba amefika salama ila macho yamekwisha, apelekwe hospitali.

Nilimfuata mimi. Nilimkuta amekalia gunia, amezungukwa na bodaboda wanaobishana kama Mbezi Beach ni kweli ipo Dar au ni ya Bagamoyo. Nikampa shikamoo, akaitikia "marahaba" kwa kununa. Tulipofika kwangu ilikuwa jioni na kilima kilichobaki tulikipanda kwa miguu, gunia likiwa kichwani kwangu. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaketi barazani kwangu, Goba, ndani kabisa, akampigia mkewe.

"Nimefika, mama. Ndiyo, Mbezi Beach. Pazuri sana, ila bahari wameisogeza."