Kufuli la Tatu

Waganda walishamaliza kazi: mwaka 2005 waliandika kwenye Katiba yao kwamba ndoa ya jinsia moja ni marufuku. Wakenya, 2010, wakampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti na yake. Basi nasi Watanzania hapa Kamachumu, Katiba mpya ikitajwa tu kijiweni, hakosekani bingwa wa kudai tufunge mlango.

Mlango upi, mzee wangu? Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Kanuni ya Adhabu nayo imekaa nyuma yake na miaka 30 hadi kifungo cha maisha kwa kujamiiana kinyume na maumbile. Bingwa anataka kufuli la tatu, na hodi yenyewe hajaisikia.

Sheria hiyohiyo ya Ndoa inamruhusu binti wa miaka 15 kuolewa. Mahakama Kuu ilikikataa kifungu hicho 2016, Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Hapo bingwa hana haraka kabisa: wadau washirikishwe kwanza.

Nikamkumbusha Wakurya wa Mara na nyumba ntobhu yao, mwanamke anatoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwenzake ili apate mrithi. Hao je, nao Katiba iwashukie?

"Ile ni mila, bwana!"

Akatema punje ya kahawa aliyokuwa akiitafuna, akageukia wenzake kuuliza kahawa ya maganda msimu huu itanunuliwa shilingi ngapi kwa kilo.