Mbona Umekuja Kimya?

Mwaloni Kirumba, saa tatu asubuhi. Viroba vya dagaa vimepangwa hadi kwenye maegesho. Kongoti mzee anachokonoa utumbo wa sato. Aqua nyeupe anaingia bila ngurumo ya injini na bampa lake linagusa manyoya ya mkia. Kongoti anaruka. Kijana anazima gari na muziki wake, anashuka, anaelekea kwa akina mama wa dagaa. Pembeni, Bajaji anasubiri abiria.

KONGOTI: We! Huna honi? Huna injini? Mtu mzima niko mezani, unaninyatia!

AQUA: Shikamoo, babu. Nisamehe. Nilikuwa nakuja kwa umeme.

KONGOTI: Marahaba. Umeme gani? Waya uko wapi?

BAJAJI: Babu, usidanganyike. Asubuhi nimepishana naye Buzuruga ananguruma kuliko mimi. Kafika mbele za watu ndiyo kajifanya bubu.

AQUA: Asubuhi nilikuwa baridi. Nikiamka, injini huwaka ili ipate moto, na kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi nacho kipate moto, maana kikiwa baridi hakisafishi kitu. Muda mfupi tu. Baada ya hapo injini inangoja kuitwa.

KONGOTI: Anaiita nani? Dereva?

AQUA: Dereva gani, babu? Huyu wa leo ni shemeji yake bosi, ameniazima kwa mara ya kwanza. Alibonyeza kitufe, akasikia ngurumo, akaridhika, akafungulia muziki mpaka vioo vikatetemeka. Tangu Buzuruga injini imezima na kuwaka njia nzima, hana habari. Anayeita ni kompyuta. Inaangalia mguu wake, mwendo, chaji ya betri na joto la injini. Akikanyaga taratibu mahali tambarare, chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, betri ina chaji na injini imeshapata moto, naenda kwa mota peke yake. Neno EV linawaka kwenye dashibodi. Akikanyaga kwa hasira ya kumpita Bajaji, injini inaamka.

BAJAJI: Na alinipita?

AQUA: Injini ya lita 1.5 na mota vinasukuma pamoja, ulitaka nini?

BAJAJI: Haya. Ila bosi wako nimemsikia kijiweni Nyakato akisema ana gari ya umeme, petroli yeye anainusa tu.

AQUA: Bosi naye ana maneno! Umeme wote nilionao umetoka kwenye petroli aliyoilipia mwenyewe. Sina mahali pa kuchomeka waya, ndiyo maana hata mgawo wa umeme haunipi presha. Injini ikizungusha jenereta, chaji inaingia. Akishika breki, matairi yanaizungusha mota, mota inageuka jenereta, chaji inaingia tena. Mwendo ambao wewe unaupoteza kwa kuchemsha breki, mimi sehemu yake nairudisha kwenye betri. Basi. Mchezo ni huohuo tangu Prius ya kwanza ilipoanza kuuzwa Japani Desemba 1997. Sisi akina Aqua tulikuja 2011, tukaukuta.

KONGOTI: Kwa hiyo ukishuka kilima cha Bugando, unakula?

AQUA: Nakula, babu. Kwenye kupanda ndiyo nalipa.

KONGOTI: Hilo nalielewa. Mimi nikitoka hapa chini napiga mbawa mpaka kifua kinauma. Nikishaipata ile hewa ya moto inayopanda kwenye mawe ya Capri Point, nazitandaza tu, nazunguka mpaka juu ya Jiwe la Bismarck bila kupiga bawa hata moja. Watu wa chini wanasema, tazama lile livivu.

AQUA: Sasa mtu aje akufunge mbawa ukiwa hukohuko juu, eti anakupunguzia kazi! Shemeji kanifanyia hivyo leo. Kufika mteremkoni akatia N, anabana mafuta.

BAJAJI: Mbona sote tunafanya? Mteremko unatia nyutro, unateleza.

AQUA: Wewe teleza, breki zikigoma usiniite. Mimi kwenye N siingizi chaji hata chembe. Aniache kwenye D, ainue mguu. Hata nikiwa kwenye 60, injini inanyamaza yenyewe na betri inapata chochote. Lakini kuna wataalamu wa kijiweni waliojifunzia gari za 1985, hao huwaambii kitu.

BAJAJI: Na ile ya kujiwasha mwenyewe? Juzi umeegeshwa, hakuna anayegusa kitu, ukanguruma. Mama wa mihogo karibu amwage kikaango.

AQUA: Bosi alikuwa ndani amelala na kiyoyozi. Kiyoyozi kinakula betri. Kompyuta haikubali betri iishe, wala haikubali ijae mpaka juu. Ikiona imeshuka sana inaamsha injini, haiombi ruhusa ya mtu. Ungeniona enzi za foleni ya pantoni pale Kigongo! Abiria wamesinzia, kimya, ghafla injini hiyo, mtu anautafuta mlango. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 raha hiyo imekwisha. Zile kilomita 3 tunazivuka kwa mwendo, na mwendo mkubwa ni kazi ya injini.

KONGOTI (akiingiza mdomo dirishani): Betri yenyewe inakaa wapi?

AQUA: Chini ya kiti cha nyuma. Volti 144, kwa hiyo toa mdomo. Pembeni ya kiti, unaona kile kitundu chenye wavu? Feni inavuta hewa hapo kuipoza. Kikizibwa, betri inapata joto, na betri yenye joto haizeeki vizuri.

BAJAJI: Basi anza kusali. Shemeji anakuja na viroba.

Shemeji anafungua mlango wa nyuma. Kiroba cha kwanza kinawekwa sakafuni, cha pili kinasukumwa kwa goti mpaka kinakaa sawasawa juu ya wavu. Vumbi la dagaa linaingia ndani.

AQUA (kwa sauti ya puani): Siyo hapo!

Shemeji anaketi, anakanyaga breki, anabonyeza kitufe. Neno READY linawaka kijani. Injini kimya. Anapunguza muziki, anatega sikio. Anabonyeza tena. READY inazimika.

AQUA: Nilikuwa nimewaka! Injini bado ina moto, sina haja ya kuiamsha! Tia D tuondoke!

BAJAJI: Hakusikii. Anasubiri ngurumo ya asubuhi.

Shemeji anabonyeza tena. Inawaka. Anabonyeza. Inazimika. Anapiga simu.

SHEMEJI: Shemeji, gari limegoma. Hapana, taa zote zinawaka, ila injini haishtuki hata kidogo... Fundi yupi? Yule aliyesema tuyatoe hayo makorokoro ya umeme, tufunge injini ya kawaida? Haya, mwambie aje.

AQUA: Mungu wangu. Babu, nisaidie. Gonga hata kioo.

KONGOTI: Nikigonga nitapigwa jiwe, mjukuu wangu. Watu wa hapa nawajua.

SHEMEJI: We Bajaji! Buzuruga na mzigo huu?

Dereva wa Bajaji anatupa kijiti cha meno, anataja bei ya mtu aliyekwama. Wanapatana. Viroba vinahamishwa, kimoja kikikwaruzwa na kona ya mlango. Bajaji anapigwa stata, moshi unatanda, maegesho yote yanageuka kutazama.

BAJAJI: Umesikia, dada? Hiyo ndiyo kuwaka!

KONGOTI: Tumesikia wote. Kiroba cha chini kimetoboka. Twende polepole, niko nyuma yako.